Theuri wa Ruring'u na Gari la Kijivu Nililouza

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Monicah na watoto, majirani wa Ruring'u, mafundi waliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mliotoka Kangema, Kagio, Karatina na kwingineko mkaacha kazi zenu siku ya Ijumaa, mimi naitwa Mwai Gicheru, ndugu mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Niliikataa kazi hii mara mbili, kwa sababu wengi wenu mnajua kwamba mimi na ndugu yangu tulikaa miaka minane bila kusemezana, lakini Monicah alisema kwamba kama si mimi basi haitasomwa kabisa, na Monicah mnamjua. Kijitabu mlicho nacho mkononi kina kurasa mbili za historia, nami nitazifuata, ila kuna jambo moja ambalo halikuchapishwa, kwa sababu nililijua Jumanne wiki hii wakati kijitabu kilikuwa kimeshakwenda kwa mpiga chapa. Jambo hilo linanihusu mimi, tena haliniweki pazuri, na nisipolisema leo kabla hatujamfunika najua sitalisema tena. Naomba mnivumilie.

Elijah Theuri Gicheru alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, hapa Ruring'u, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Gicheru Mwai na marehemu mama yetu Nyawira, akapewa jina la babu mzaa mama, aliyekuwa seremala, na mama alipenda kusema kwamba jina lilikuja pamoja na mikono. Baba alikuwa na baiskeli moja nyeusi, ambayo mimi niliiendesha kwenda dukani na kuirudisha ikiwa imejaa udongo mwekundu hadi kwenye kengele, na Theuri, akiwa na miaka sita au saba, aliketi chini akaipangusa spoku moja baada ya nyingine, kisha akaiegemeza ukutani na kukaa akiitazama. Baba hakuwahi kumwambia aipanguse, wala hakuwahi kuniambia mimi nisiichafue, na hadi leo sijui kwa nini alituacha hivyo.

Alianza masomo yake katika shule ya msingi ya hapa Ruring'u mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akaendelea na shule ya upili ya kutwa kuanzia 1994 hadi 1997. Alama alizopata sitazitaja, ingawa yeye mwenyewe alizitaja bila aibu, akicheka, kwa kila mteja mwenye digrii aliyemletea gari lililokwaruzwa kwa waya wa kusugulia sufuria.

Kazi aliianza Januari 1998, kule chini kando ya mto Chania, mahali palipooshwa matatu na malori, na kama mlipita huko miaka hiyo mnakumbuka kazi ilivyofanywa, sabuni ya unga ndani ya ndoo moja, kitambaa kimoja kilichoanza kwenye rimu kikamalizia kwenye boneti kikiwa na mchanga wote wa barabara ya Othaya, na mwisho magurudumu yakapakwa dizeli ili yawe meusi ya kupendeza, hata kama mpira ungepasuka baada ya miezi michache. Theuri aliosha hivyo kwa miaka mitano kama wenzake, lakini jua lilipochomoza alizoea kuinama kando ya gari alilomaliza kuliosha, akaona ile mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, akatambua kwamba ni yeye aliyeichora, na jambo hilo lilimnyima raha.

Mwaka 2003 alikwenda Nairobi, Industrial Area, akaajiriwa na fundi aitwaye Zubair, mzee mpole aliyekuwa na kikohozi na miwani miwili, na huko alikaa miaka minne na nusu akijifunza kung'arisha rangi kwa mashine. Alilolipata kwa Zubair alilirudia maisha yake yote, kwamba juu ya rangi ya gari kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, jembamba kuliko karatasi, na kila unapoling'arisha unalipunguza, na likiisha halirudi, kwa hiyo fundi mzuri ni yule anayeondoa kidogo kabisa halafu anakilinda kilichobaki. Wateja walitaka gari lao ling'ae kama kioo leo hii, yeye alitaka liwe na rangi miaka kumi baadaye, na ubishi huo haukuisha.

Aprili 2008 alirudi nyumbani akafungua karakana yake ya mabati karibu na uwanja wa michezo wa Ruring'u. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, brashi za rimu ambazo hazikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote, vitambaa vilivyofuliwa peke yavyo bila nguo za nyumbani, nta, dawa ya kurudisha weusi wa plastiki za bampa zilizopauka kwa jua, na kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi ambacho alikipenda kuliko simu. Na alikuwa na desturi yake, kwamba hakugusa gari kabla mwenyewe hajalizunguka pamoja naye, pole pole, kifaa kikipima boneti, milango, paa na nyuma, na kila alichokiona akikisema kwa sauti. Watu wa haraka walikasirika. Najua mmoja aliyemwambia, "Ati siku hizi hata kuoshewa gari lazima ufanyiwe interview?" naye akamjibu, "Zunguka tu boss, ni dakika kumi. Mimi sipendi kuficha mtu kitu iko kwa gari yake."

Sisemi kwamba hakukosea. Julai 2014, katika ile baridi yetu na ukungu usioondoka hadi saa sita, aliletewa gari jeusi la bwana harusi ili alipake ile dawa mpya ya seramiki, ambayo inataka mahali pakavu penye joto, naye akaona atumie akili, akafunga milango ya karakana, akawasha majiko mawili ya makaa pembeni, akapaka dawa vizuri kabisa, akaenda kunywa chai. Aliporudi, jivu jepesi la makaa lilikuwa limetua juu ya gari lote na kukaukia ndani ya dawa, likawa gari la kijivu lenye ukurutu, na harusi ilikuwa kesho kutwa. Alimpigia bwana harusi simu saa hiyo hiyo, akamwambia yote, hadi majiko, kisha akaing'oa dawa ile paneli kwa paneli kwa siku moja na nusu, na bwana harusi huyo yuko hapa leo, nimemwona akicheka, na gari bado analo.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na Monicah Murugi mwaka 2008 sokoni Nyeri mjini, ambako Monicah aliuza nguo za mitumba, naye alifika kila Alhamisi kununua fulana za pamba za kupangusia magari, akizichagua kwa kuzisugua shavuni moja baada ya nyingine, hata Monicah akawaambia wenzake kwamba kuna mwanamume mgonjwa wa akili lakini analipa. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 12 Desemba 2009, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nyawira, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2010, ambaye yuko gredi ya tisa, na Gicheru, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2014, ambaye yuko gredi ya tano. Alikuwa baba wa kupika uji asubuhi na kukagua viatu, na viatu vya watoto hao, walimu wao watakubaliana nami, havikuwa na mfano shuleni.

Sasa nafika mwaka 2017, na kwenye kijitabu mtaona mwaka huo umerukwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Kangema, nabeba majani chai, nami nilikuwa na gari dogo la kijivu ambalo Desemba 2016 liligongwa nyuma na lori pale Karatina, upande wa kushoto, likabonyea vibaya. Sikumwambia Theuri. Nilipata fundi wa haraka aliyejaza bodi fila, ile lipu laini ya kuzibia mabonyeo, juu ya chuma kilichokunjika, akapiga rangi juu yake, nami nilisimama hapo nikimtazama akipaka, kwa hiyo msije mkasema sikujua. Mei 2017 nikataka kuliuza ninunue pikapu, nikalipeleka kwa ndugu yangu aling'arishe, na siku ya kuling'arisha sikulizunguka pamoja naye, nilimwambia nina haraka, na kwa sababu ni mimi akakubali, mara yake ya kwanza na ya mwisho kuvunja desturi yake. Alikaa siku mbili na gari lile. Lilitoka zuri kuliko lilivyokuwa dukani.

Siku ya tatu akaja mnunuzi, mwalimu Kabura kutoka Kagio, tukakutana palepale karakana, naye badala ya kuniuliza mimi akamgeukia Theuri, akasema, "Fundi, wewe ndio umeishika. Gari iko sawa?" Theuri alinitazama. Nilitikisa kichwa kidogo, mnaelewa, kumwambia anyamaze. Akachukua kifaa chake, akamzungusha mwalimu, boneti ikasoma mia moja na ishirini, milango hivyo hivyo, na kilipofika nyuma kushoto kikapanda hadi elfu moja na mia tatu, naye akasema, "Hapa iligongwa, mwalimu. Hii si rangi, ni fila. Mimi niliona jana nikipolish, na nilikuwa nangoja mwenyewe akwambie." Mwalimu alishukuru, akaondoka bila gari. Nami, mbele ya wateja wake na mafundi wake, nilimwambia ndugu yangu kwamba yeye si ndugu, ni askari, na kwamba siku nitakapomhitaji jua litachomoza kutoka Nakuru, kule linakotua. Aliniambia neno moja tu, "Mwai, zima gari tuongee." Sikulizima.

Wiki tatu baadaye nililiuza gari lile Majengo, hapa hapa Nyeri, kwa Bwana Sulemani, mfanyabiashara wa viungo, mtu asiyenijua, na sikumwambia lolote. Alichokipenda ni mng'ao. Aliniambia hivyo akipitisha kiganja juu ya boneti, kwamba gari linalotunzwa hivi haliwezi kuwa na kasoro, na mng'ao ule haukuwa wangu, ulikuwa wa mikono ya Theuri. Nilichukua hela nikaenda Kangema, na kuanzia siku hiyo sikukanyaga nyumba ya ndugu yangu, sikuja Krismasi, sikuja mwanawe alipobatizwa, na watu waliponiuliza niliwaambia kwamba ananionea wivu.

Kuhusu ugonjwa wake, kikohozi kilimwanza mwaka 2022, akakidharau kama wanavyofanya wanaume wa nyumba yetu, hadi Februari 2024 alipopigwa picha akaambiwa kwamba mapafu yake yamekuwa magumu na hayatarudi kama zamani, na daktari hakutaja sababu moja, alisema tu kwamba vumbi la kusaga rangi na harufu ya dawa kwa miaka mingi bila kufunika pua havikumsaidia. Aliendelea kufanya kazi kadiri alivyoweza, baadaye akawa anaketi kwenye kigoda na kuelekeza, hadi tarehe 19 Agosti mwaka huu alipolazwa hospitalini hapa mjini.

Monicah alinipigia simu, nikaja Jumapili tarehe 24 Agosti. Nilikaa naye saa mbili. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kangema, niliyasema peke yangu ndani ya pikapu kila kona ya barabara, lakini nilipoingia nikamwona na ile mipira ya hewa puani, nikaanza kuongea habari za majani chai na mvua, naye akanisikiliza kwa upole, akauliza kama goti langu limepona, na nilipoinuka kuondoka akanishika mkono wa koti akasema, pole pole, kwa sababu pumzi ilikuwa fupi, "Hiyo pikapu yako nimeiona kwa dirisha. Wacha kuiosha na sabuni ya vyombo." Tulicheka wote wawili. Nikamwambia nitarudi Jumamosi ya wiki ya pili tuongee vizuri. Aliaga dunia Jumamosi hiyo, tarehe 6 Septemba 2025, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mkewe akiwa kando yake, mimi nikiwa njiani, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa wauguzi wa zamu ya asubuhi waliomwacha Monicah aingie kabla ya saa za kuona wagonjwa. Tunawashukuru majirani wa Ruring'u kwa kuni, maji, viti, na kwa kukaa nasi tusimezwe na mawazo. Tunawashukuru mafundi wenzake, ambao tangu Jumatatu wameosha kila gari la msafara huu, hata pikapu yangu, na wakaiosha kwa ndoo mbili. Tunamshukuru mwalimu Kabura, ambaye amekuwa mteja wa Theuri kuanzia ile siku hadi mwisho, na ambaye leo ameleta basi zima la watu wa Kagio.

Na tunamshukuru Bwana Sulemani wa Majengo, ambaye namwona ameketi pale nyuma na kofia yake, na kwake ndiko liliko lile jambo lisilochapishwa. Jumanne jioni Bwana Sulemani alikuja kwenye matanga, akauliza ndugu mkubwa ni yupi, akanikumbatia mbele ya watu, akanishika mikono yote miwili akasema, "Mzee Mwai, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Watu wanauza gari wanakimbia, wewe ulimtuma ndugu yako." Sikuelewa, nikamwacha aseme. Akaniambia kwamba Machi 2018 alilipeleka gari lile la kijivu kwa Theuri bila kujua sisi ni ndugu, na Theuri alipoliona alilizunguka, kisha akamwambia kwamba aliyemwuzia ni kaka yake, kwamba kaka yake amekuja kugundua kuna ubovu nyuma kushoto, ameona vibaya sana, na amemtuma amtafute mnunuzi amtengenezee. Alikwangua fila yote hadi kwenye chuma, akakuta kutu imeanza kula, akatafuta fundi wa kukata na kuunga chuma kipya, akapiga rangi, akakipaka kinga ya kutu ndani na nje. Na kila Machi, kabla ya mvua ndefu, alimwita Bwana Sulemani, akaikagua sehemu ile, akaipaka kinga tena, na kila mara alisema ametumwa na Mwai. Mara nane. Machi mwaka huu hakuweza kutembea hatua ishirini bila kupumzika, akaketi kwenye kigoda, akamshikisha Bwana Sulemani mwenyewe brashi, akamwelekeza, akamwambia kwamba Mwai amesalimia.

Jumanne nilipokea shukrani hizo. Nilisema asante, nikasema karibu chai. Watu walionisikia walinisifu, wengine wakasema kumbe Mwai tulikuwa tunamwelewa vibaya, na nililala nazo, na Jumatano nikawa bado ninazo, na kama ningefuata kijitabu ningezikwa nazo siku yangu.

Bwana Sulemani, sikumtuma. Sikumtuma hata mara moja, sikujua, na miaka hiyo minane nilikuwa nikimsema vibaya kila mahali. Nilikuuzia gari bovu nikijua kwamba ni bovu, na ndugu yangu, ambaye nilimtukana kwa sababu hakutaka kudanganya mtu, alikudanganya wewe mara nane kwa ajili yangu, ili siku moja nikikutana nawe mjini usinitemee mate. Shukrani ulizonipa Jumanne nazirudisha mbele ya watu hawa wote, ni zake, na wewe ukitaka kunishitaki au kunipa mgongo utakuwa na haki, nami sitakimbia, nitakuwa hapa Ruring'u hadi arobaini iishe.

Monicah, watoto, nisameheni kwa Krismasi zote. Na wewe, Theuri wa mama, mimi mkubwa wako nilikuwa na saa mbili hospitalini nikakwambia habari za mvua, sasa nakwambia haya nawe huwezi kunijibu. Nimekosa. Pumzika, ndugu yangu, pumzika kwa amani.